Kiti Nilichomnunulia Mama

Naandika bila kutaja jina, maana hapa mtaani kwetu Mpanda bado wapo wanaonisifia kwamba najua kumtunza mama. Sijui. Mimi ndiye niliyemmaliza mama yangu miguu, tena nilimmaliza nikidhani namheshimu.

Baba alipofariki nilimfuata mama kijijini Ikola. Miaka yote alikuwa anaanika dagaa kule ziwani: anainama, anageuza, anafukuza kunguru. Nilipomwona kwenye lile jua na umri ule, roho iliniuma. Nikamwambia, mama, kazi umefanya ya kutosha, twende kwangu ukapumzike.

Nikamnunulia kiti cha mbao chenye mito, nikakiweka barazani. Binti wa kazi nikampa maagizo: bibi asishike ufagio, asiinue ndoo, hata maji ya kunywa apelekewe. Akinyanyuka tu, mtu anamuuliza, "Bibi unataka nini, tukuletee?"

Wageni wakija wananipongeza. Wenzangu wa jumuiya ya kanisani walisema wangekuwa na binti kama mimi wangezeeka kwa raha. Nyie, sifa tamu! Nilizipokea zote.

Mama mwenyewe hakufurahi. Kila mara ananiambia, "Sasa mimi hapa nafanya nini? Nipe hata mchele nichambue."

"Pumzika, mama."

"Nimechoka kupumzika, mwanangu."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa wazee.

Siku moja nimerudi kutoka dukani kwangu, nakuta harufu ya dagaa imejaa uani. Mama alikuwa ameagiza kwa mtu wa Ikola, akaletewa dagaa ambao hawajakauka vizuri. Kawatandaza juu ya chandarua kikuukuu, kainama anawageuza, huku anaimba. Tangu nimlete mjini sikuwa nimemwona na uso ule.

Lakini mimi sikuuangalia uso wake, niliangalia majirani waliokuwa wanachungulia. Nikawaza watasema nimemleta mama yangu mjini nimfanyishe biashara. Nikakunja kile chandarua na dagaa wake ndani, nikaenda kuwamwagia kuku.

"Mama, hapa si Ikola," nilimwambia. "Unanitia aibu."

Akanawa mikono, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Hakuniomba kazi tena.

Baada ya hapo alianza kutembea kwa kushika ukuta. Kisha akawa hanyanyuki mpaka ashikwe mkono. Mimi nikasema ni uzee tu, nikamwongezea mto mwingine. Asubuhi moja alibanwa na haja, akaita, binti alikuwa nyuma anaanika nguo hakusikia. Akajaribu kusimama mwenyewe. Miguu haikumbeba, akaanguka pale pale barazani kwenye sementi, nyonga ikavunjika.

Hospitali daktari aliniuliza kama mama alikuwa anatembea alipokuja kwangu. Nikamwambia alikuwa anatembea vizuri tu. Akauliza kwa siku anafanya kazi gani. Na mimi, hata pale, nikajibu kwa majivuno, "Hafanyi chochote, tumempumzisha."

Daktari akaniangalia, akasema mwili wa mzee usipotumika unaisha nguvu haraka, na kuzirudisha ni kazi kubwa. Hakunigombeza. Mimi nilitamani sakafu ipasuke niingie.

Sasa nimechoka, jamani. Namwogesha, namgeuza, namnyanyua, mgongo wangu wenyewe umeanza kulalamika. Tumeelekezwa afanye mazoezi ya kusimama kidogo kidogo huku ameshikwa. Kila asubuhi namwomba.

"Mama, simama kidogo tu."

"Niache nipumzike, mwanangu. Si ulisema mwenyewe?"

Hasemi kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata nafuu.

Juzi nilinunua dagaa sokoni, nikawaweka kwenye ungo, nikampakatisha. Nikamwambia, mama, nichambulie. Akawashika, akawapitisha vidoleni taratibu, akanirudishia ungo.

"Hawa wameshakauka," akasema, akageukia ukutani. Nikaenda jikoni kulia.

Wewe uliye na mzazi nyumbani, nakuomba unisikilize. Akitaka ufagio, mpe. Akitaka kwenda kumsalimia jirani, mwache aende, kama una wasiwasi mfuate. Muwekee cha kushikilia chooni, ondoa vya kumkwaza njiani, mzuie kubeba mizigo mizito, sawa. Ila usimkalishe kutwa nzima kama mgeni ukasema unamtunza. Na ukimwona ameanza kushika ukuta, usiseme ni uzee kama nilivyosema mimi. Mpeleke hospitali mapema.

Majirani usiwasikilize. Wale walionisifia barazani kwangu, sasa hivi nikitaka kumgeuza mama kitandani, simwoni hata mmoja.