Siku Clotilde Alipotolewa Kilio

Mwaka ule wa tisini na saba, serikali ya zamani ilipokimbia na Lubumbashi ikaingia mikononi mwa wanajeshi wapya, Clotilde alikuwa bado na nguo nyeusi ya ujane. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita juu ya kaburi la mumewe, Adalbert, lakini shemeji yake Stanislas hakutaka kumtoa kilio. Katika ukoo ule, mjane asiyenyolewa na kuoshwa na watu wa mume haketi kitini mbele ya wanaume, wala neno lake halisikilizwi. Stanislas alilijua hilo vizuri. Kila akiulizwa alijibu, "Tungojee wajomba watoke Lukafu." Wajomba hawakuja, naye akaendelea kulala katika nyumba ya mtaa wa Annexe ambayo Clotilde na mumewe waliijenga kwa matofali waliyoyachoma wenyewe. Clotilde alilala jikoni kwa jirani. Hakulia tena, machozi yalikuwa yamegeuka nyongo.

Ndipo wakaja wabunge kutoka Ulaya, wanawake kwa wanaume. Walizunguka mjini wakisema serikali mpya isijengwe na wanaume peke yao: kila kamati ya mtaa iwe na mwanamke, tena aseme. Annexe wangefika Jumapili. Symphorien, mkuu wa mtaa, alitaka mwanamke asiyemsumbua. Akamkumbuka Clotilde, mtu wa kunyamaza, asiyejua kuandika hata jina lake.

"Huyu iko muzuri," alimwambia Stanislas.

"Namna gani? Iko mu kilio."

"Basi mumutoshe mu kilio! Unataka bageni bamukute chini kama kuku? Na weye bantu batakuita shemeji ya mama mukubwa wa mutaa."

Maneno hayo yalimlevya Stanislas. Jumamosi asubuhi alimnyoa Clotilde kwa mkono wake mwenyewe, na Martine, shangazi wa marehemu, akamwosha na kuichoma nguo nyeusi. Wajomba wa Lukafu hakuna aliyewataja. Clotilde aliyatazama majivu. Amewapigia magoti watu hawa mpaka yakachubuka, na leo wanamfungua kwa ajili ya macho ya wageni!

Jumapili, mbele ya mkutano wa mtaa, mbunge mmoja mwenye mvi alimwuliza Clotilde kupitia mkalimani, "Mama, serikali mpya ianze na nini?"

Symphorien alimkonyeza. Alikuwa amemfundisha: barabara, maji, shule.

Clotilde alisimama. "Ianze na nyumba yangu. Ile pale. Stanislas iko analala mule, na mi minaitaka leo."

Stanislas aliruka. "Mwanamuke wa kilio hasemi!"

"Kilio gani?" Martine akadakia. "Si ni weye ulimunyoa jana?"

Akina mama wakaangua kicheko. "Stanislas, beba godoro!" mmoja akapaza sauti.

Mkalimani alikuwa anatafsiri yote, kicheko na godoro. Symphorien aliwatazama wageni, akamtazama Stanislas, akasema kama mtu anayemeza kwinini, "Nyumba ni ya mjane."

Magari ya wageni yaliondoka katikati ya vigelegele. Clotilde hakumshukuru mtu. Haki yake hakupewa kama zawadi. Alifungua madirisha yote ili harufu ya tumbaku ya Stanislas itoke, akafagia, akatia komeo mlangoni. Kisha, jua likiwa bado juu, akatandika mkeka katikati ya sebule, akajinyoosha. Pumzi ndefu ilimtoka, na usingizi ukamchukua kabla hajavua viatu.