Barafu Usoni mwa Mdogo Wangu

Kila ninaponusa mafuta ya taa, nalikumbuka jokofu la chanjo lililoendeshwa kwa mafuta hayo katika zahanati yetu, karibu na Mkunya. Mdogo wangu, mtoto wa miezi minne, alikuwa amekataa ziwa tangu asubuhi. Midomo ilikuwa imepauka, na kifua kilipiga hata khanga iliyomfunika ikatetemeka. Nesi alijaribu kuhesabu mapigo, akashindwa.

"Moyo unakimbia mno," alisema.

"Dada, tumpeleke Newala," Mama alimsihi nesi.

"Gari pekee hapa ni la wale wanunuzi wapya wa korosho, nalo limeshaondoka," nesi alijibu.

Akatoa barafu jokofuni, akaivunja ndani ya mfuko, akaubandika kwenye paji la uso na macho ya mtoto; pua na mdomo akaviacha wazi.

"Unaniulia mwanangu!" Mama alilia.

Nesi aliondoa mfuko, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akarudia. Safari hii mtoto alinyamaza kabisa, nami nikafumba macho. Kisha mtoto akaangua kilio.

"Moyo umetulia; baridi ya ghafla usoni huupunguza kasi," nesi alisema baada ya kusikiliza tena. "Gari likirudi, mpelekeni kwa daktari."

Mama aliketi sakafuni, akanyoosha mikono ampokee. Kisha akajifunika uso nayo akalia, ikabidi nimpokee mimi.