Mama Mkwe Wangu na Mabwana wa Ulaya

Mama mkwe wangu hakunipenda tangu siku ya kwanza, nami sikujisumbua kumbembeleza. Yeye ni wa ukoo wa hapa Ibra, Uarabuni, uliokuwa na mashamba ya karafuu Pemba. Babangu alikuwa fundi cherehani Mjini Unguja. Kwake hiyo ilitosha. Tuliishi nyumba moja, yeye chini, sisi juu, na kwa amri yake tulikula sinia moja.

Mimi nafundisha historia sekondari. Mwaka ule binti yangu alikuwa na mtihani, na mada iliyomshinda ilikuwa ukabaila wa Ulaya ya kale na namna ulivyoanguka. Basi kila baada ya sala ya alasiri nilimsomesha ukumbini kwa Kiswahili, maana kitabuni alikuwa haambulii kitu. Bibi yake aliegemea mto, kikombe cha kahawa mkononi, akijifanya hasikii.

Nikamweleza kwamba mfalme aliwagawia mabwana ardhi, nao wakampigania vitani. Chini yao alikuwapo mkulima aliyefungwa na shamba la bwana. Alimlimia bila ujira, akasaga nafaka kwenye kinu cha bwana na kuacha sehemu hukohuko, na hakuweza kuhama wala kuoza binti yake bila ruhusa.

"Mbona hawakukimbia?" binti yangu akauliza.

"Waende wapi, na kila shamba lina bwana? Mpaka miji ikakua na biashara ikashamiri, hapo wakapata pa kwenda. Kisha ikaja tauni."

Tauni, nikamwambia, iliua watu wengi mno, mashamba yakakosa mikono, na waliosalia wakaanza kudai ujira wa maana. Mabwana wakatunga sheria za kuzuia ujira usipande. Wakulima wakaasi, wakauawa, lakini mambo hayakurudi yalivyokuwa. Wafalme nao, walipopata askari wa kulipwa na mizinga ya kubomolea ngome, hawakuwahitaji tena mabwana kama zamani.

Mama mkwe akageuka. "Na hao wakulima, nani aliwalinda? Mwaka wa njaa nani aliwalisha? Hayo humwambii mtoto."

"Bwana alilinda mali yake, Mama."

"Marehemu babangu alikuwa na watu. Walikaa kwenye ardhi yake, wakala, wakaoza watoto wao. Siku waliyotugeukia hawakukumbuka chochote."

"Pengine walikumbuka kila kitu."

Alikibwaga kikombe sahanini. Wakati huohuo akaingia dada wa kazi na birika. Alikuwa mtu wa Tanga, mwanamke mzima mwenye watoto kwao, na mkataba wake ulikuwa umekwisha tangu kabla ya Ramadhani. Hakumimina kahawa. Alisimama tu.

"Bi Mkubwa, nakuomba pasi yangu ya kusafiria. Kuna nyumba Nizwa wananitaka."

"Nizwa! Nani kakwambia unaweza kwenda Nizwa? Mimi ndiye niliyekuleta."

"Mkataba umekwisha, Bi Mkubwa."

"Khalas. Rudi jikoni."

Nikasema kwamba si haki yake, wala ya mtu yeyote, kufungia pasi ya mwenzake kabatini. Akanijibu kwamba binti wa fundi cherehani hawezi kumfundisha namna ya kukaa na watu. Usiku mume wangu aliniomba ninyamaze kwa ajili ya amani. Nikamwuliza amani ya nani. Akazima taa.

Asubuhi dada wa kazi alivaa baibui lake, akakalia kigoda mlangoni pa jiko, akakunja mikono. Hakutukana wala hakulia. Mama mkwe akampigia kelele, akatishia polisi, akatishia kumsingizia wizi. Hapo ndipo nilipomwambia Mama mbele ya wote kwamba nikiitwa nitatoa ushahidi dhidi yake. Kwa mara ya kwanza niliona uso wake ukinihesabu adui kamili, na sitaficha kwamba nilifurahi.

Kwa siku kadhaa dada alikalia kigoda chake vivyo hivyo, na siku zote hizo mama mkwe aliwapigia mawakala wa wafanyakazi simu, kuanzia Sur mpaka Fanja. Nilimsikia sauti ikishuka. Tangu korona iliporudisha wengi makwao, wachache waliokuja walichagua nyumba: walitaka siku ya mapumziko, walitaka kubaki na simu zao. Wakala mmoja alimwuliza kwa nini aliyepo anaondoka. Mama mkwe akakata simu.

Mwisho alitoka chumbani, akaitupa pasi sakafuni. "Chukua, utokomee."

Dada wa kazi aliinama, akaiokota, akaipangusa kwa ncha ya mtandio. "Shikamoo, Bi Mkubwa," akasema.

Mama mkwe akampa mgongo. Nilimpeleka dada Nizwa mwenyewe kwa gari langu. Njia nzima alilala, mdomo wazi, pasi kifuani. Tulipofika aliniambia, "Mwalimu, rudi kwako uangalie nawe unakula kwa amri ya nani," akashuka.

Niliporudi nilikuta sinia mbili zimeandaliwa, moja ya mama mkwe na mume wangu, nyingine kwa ajili yangu na binti yangu, karibu na mlango. Mpaka leo ndivyo tunavyokula. Hajapata mtu. Anapika mwenyewe, magoti yakimuuma, na hataki nimsaidie hata kuchambua mchele. Na mimi, Mungu ni shahidi, simwombi mara mbili.