Mizani ya Baba Somoe

Kwanza ni kishindo kifupi cha bamba la chuma likipokea miguu ya mtu, kisha mlio mwembamba wa chuma kikitafuta mahali pa kutulia. Niliisikia sauti hiyo mwaka huu katika kiwanja kidogo cha ndege kisiwani Mafia, nilipokuwa nikirudi bara baada ya miezi miwili ya kukusanya data za tasnifu yangu ya uzamili. Ndege zinazohudumia visiwa ni ndogo, kwa hiyo kila abiria hupimwa pamoja na mzigo wake. Mbele yangu alikuwa mama mwenye ndoo ya pweza iliyozungushiwa utepe wa plastiki; alipanda, akashuka, akaandikiwa. Zamu yangu ilipofika, sikupanda.

"Dada, panda tu," alisema kijana wa kaunta. "Mizani haiumi."

Watu wakacheka. Nikampisha mzee aliyekuwa nyuma yangu, nikaenda kukaa kwenye benchi karibu na dirisha, nikaikalia mikono yangu. Naomba niwasimulie ninyi kile ambacho sikuweza kumweleza kijana yule.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika ghala la korosho pale Newala, si mbali na kiwanja cha ndege. Nikisema kiwanja cha ndege, msifikirie jengo. Kilikuwa ukanda wa nyasi ambao mbuzi walifukuzwa mara moja kwa mwezi, siku ya ndege ya madaktari. Mwisho wa ukanda ilisimama mikorosho ya watu, na nyuma ya mikorosho ardhi ya juu ilikatika ghafla na kuporomoka bondeni. Katika msimu wa korosho kiwanja kizima kilinuka mabibo yaliyochacha, harufu tamu yenye ukali ndani yake, na hadi leo nikiisikia nasikia pia injini ya ndege ikizunguka juu ya ghala.

Kiwanja hakikuwa na mizani yake. Kila ndege ilipokuja, wanaume wanne waliibeba ya baba kutoka ghalani, naye akiwatangulia na kalamu sikioni kama mtu anayeongoza maandamano. Sisi watoto tuliiona siku hiyo kuwa bora kuliko sikukuu. Bibi mmoja kutoka Kitangari alizuia pumzi kabla ya kupanda, akaendelea kuizuia hadi macho yakamtoka, kwa imani kwamba pumzi nayo ina kilo zake. Mwingine alivua viatu, kisha akavishika mkononi. Baba hakuwacheka. Aliwasomea uzito wao kwa sauti ya heshima, nami nilijivuna kwamba hakuna mtu Newala aliyekuwa na uzito mpaka baba yangu autamke.

Yapo mambo mawili ambayo nilipaswa kuyaona mapema. Nimeyapanga na kuyapangua kichwani mara nyingi kiasi kwamba sina tena hakika ya mpangilio wake.

La kwanza: muuguzi alikuja shuleni kutupima, akasema nina kilo ishirini na sita. Nikabisha mbele ya darasa zima kwamba si kweli, mizani ya baba inasema ishirini na tatu. Darasa likacheka, muuguzi akacheka. Jioni nilimsimulia baba nikitarajia acheke pia. Aliacha kutafuna. "Umewaambia hivyo?" aliuliza, kisha akaniambia nikanawe mikono, ingawa nilikuwa nimekwisha kula.

La pili: mwezi mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, ndege iliondoka ikiwa imejaa, na magurudumu yake yakagusa vilele vya mikorosho. Majani yalidondoka. Watu walipiga makofi wakidhani ni mbwembwe za rubani. Baba peke yake hakupiga makofi.

Kisha mama akaugua. Alikuwa amejifungua mtoto ambaye hakuishi, na siku ya tisa homa ilimshika ikakataa kumwachia. Daktari aliyekuja na ndege alisema apelekwe Dar es Salaam siku hiyohiyo, kwani kwa barabara ya siku zile asingefika. Kulikuwa na nafasi ya mgonjwa na msindikizaji mmoja. Ilikwisha kukubaliwa kwamba msindikizaji ni baba. Alikuwa amevaa shati lake la Idi na kufunga kanga mbili za mama na bakuli. Bibi alibaki nyumbani na wadogo zangu. Mimi nilikwenda kuaga tu.

Rubani alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nene. Aliangalia jua, akaangalia mikorosho.

"Kilo mia moja, wote wawili na kifurushi. Ikizidi hapo, siruki."

Wakulima waliokuwa wakingoja kupimiwa korosho waliifuata mizani hadi kiwanjani, wakasimama nusu duara. Mama alikalishwa juu ya bamba akiwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, kichwa kikimwangukia kifuani. Rubani mwenyewe alisogeza jiwe la mizani. Arobaini na tatu. Baba akapanda na kifurushi mkononi. Hamsini na sita.

"Tisini na tisa," alisema rubani. "Mungu mkubwa. Twendeni."

Baba hakushuka. Alisimama juu ya bamba akitazama mwisho wa kiwanja. Nilidhani anaogopa kupanda ndege, nikaona aibu kidogo kwa niaba yake.

"Rubani," alisema, "mizani hii inapunguza."

"Inapunguza nini?"

Baba alishuka, akachuchumaa, akapeleka mkono nyuma ya jiwe la mizani. Alihangaika na waya kwa muda ulioonekana mrefu sana, kisha akatoa kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba cha mtu mzima. Akakiweka juu ya bamba, pale alipokuwa amesimama.

Kisha Mama Saidi, ambaye shamba lake lilipakana na letu na ambaye magunia yake yalikuwa ya kwanza kwenye foleni ya siku ile, alisogea mbele.

"Baba Somoe. Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita."

"Na mimi msimu uliopita ulinipimia kwa mizani hiihii?"

"Nilikupimia."

"Nikakushukuru?"

"Ulinishukuru, Mama Saidi."

"Nikakuletea na mbaazi." Aliyasema maneno hayo taratibu, kama mtu anayekumbuka alikoacha ufunguo. "Mbaazi zangu mwenyewe. Haya."

Rubani alikuwa ameigeukia mikorosho. "Kwa hiyo mwezi uliopita..." alianza.

"Kimekwisha kutoka," alisema muuguzi aliyekuja na madaktari. "Tupime upya, muda unakwenda."

"Nitajuaje kama ni hicho tu?" alijibu rubani. Aliwatazama watu wote pale, mmoja mmoja, kama mtu aliyeambiwa kwamba hakuna namba ya kuamini tena.

Muuguzi alisisitiza kwamba lazima mtu wa kwao aende. Kiswahili cha mama kilikuwa kidogo, na homa ilipopanda alisema Kimakonde kitupu. Ndipo rubani aliponiona. Alikuja, akanishika kwapani, akaninyanyua hadi uso wangu ukalingana na wake, akanishusha, akaninyanyua tena.

"Huyu namjua uzito wake," alisema. "Huyu atakwenda."

Baba alinikabidhi kifurushi. "Somoe, nenda na mama yako." Ndiyo maneno pekee aliyoniambia. Ndege ilipogeuka nilimwona kupitia dirishani, amesimama kando ya mizani yake, ametupa mgongo, wakulima wakiwa bado nusu duara mbele yake. Nilingoja anipungie mkono. Hakupunga. Mikorosho ilipita chini yetu, mbali kidogo.

Tulipokuwa hewani mama alifumbua macho. Aliuliza, kwa lugha yetu, baba yako yuko wapi?

Nilifikiri kwa makini kabla ya kujibu, maana nilikuwa mtoto wa kufikiri kwa makini. Nilichokuwa nimekiona ni hiki: rubani alisema twendeni, baba akafungua kinywa, na baada ya hapo baba hakuja. Nikamjibu mama kwamba amekataa kuja.

Alinitazama kidogo, akafumba macho. Hakuuliza tena, wala siku ile wala siku iliyofuata. Siku ya tatu, mchana, watu wakigawiwa uji wodini, alifariki. Mpaka hapo nilikuwa nimemtafsiria madaktari kila neno alilosema, na yalikuwa machache: maji, baridi, jina la mtoto aliyekufa.

Baba alifika kwa basi siku ya nne, vumbi hadi kwenye nyusi, jino moja la mbele halipo. Sikuuliza limekwenda wapi. Aliniketisha kwenye ngazi za hospitali.

"Aliuliza habari zangu?"

"Hapana," nilisema.

Watu walikuja msibani. Kwetu hakuna anayesusa msiba. Lakini walikaa upande mmoja wa ua, na baba upande mwingine. Shuleni niliulizwa, "Somoe, kilo ya kwenu ina gramu ngapi?" Kabla ya masika tulihamia Chiungutwa, ambako baba aliweka banda la kutengeneza baiskeli, na yupo hapo hadi leo. Nilimsalimia kila asubuhi, nilimpikia, nilimfulia. Na kwa miaka mingi sikumsamehe, kwanza kwa kutokuja, kisha, nilipojua maana ya neno, kwa wizi.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa fizikia alipochora mizani ubaoni na kueleza kinachotokea ukiongeza uzito upande wa jiwe. Nilinyanyua kalamu nikashindwa kuandika. Tisini na tisa. Ndege ilikuwa tayari kuondoka. Asingesema lolote, angepanda, angeketi pale nilipoketi mimi, na kesho yake angerudi kwenye kazi yake na shukrani za watu. Kitu pekee kilichohitajika ni kunyamaza, na kunyamaza alikuwa amekuzoea tangu msimu uliopita.

Nimeikokotoa hesabu hiyo kila namna. Labda ndege ingeruka salama na kilo kumi za ziada. Labda isingeruka. Sina data, na sitakuwa nazo.

Pale Mafia, nikiwa bado nimekalia mikono yangu, niliamua kumpigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi, mbona kelele?"

"Uwanja wa ndege."

Nilisikia akiweka spana chini. "Wamekwisha kukupima?"

"Bado."

"Angalia kwanza kama inarudi sifuri kabla hujapanda."

"Baba," nilisema, "mama aliuliza habari zako. Ndani ya ndege. Nilimwambia umekataa kuja."

Upande wa pili gurudumu la baiskeli lilikuwa likizunguka peke yake. Nilingoja mpaka likasimama.

"Hukumdanganya," alisema hatimaye. "Nilikataa."

Kijana wa kaunta alikuwa akiniita. Nilikwenda, nikasubiri mshale utulie kwenye sifuri, nikapanda. Bamba lilitoa kishindo chake. Sijui kama baba alisema kweli au alinifanyia hisani, na kwa mara ya kwanza sikutaka kukokotoa chochote. Kilichonijia ni kwamba mtoto wa miaka tisa aliuona mgongo wa baba yake akadhani ametugeuzia sisi, kumbe alikuwa amewageukia watu aliowaibia.

"Sitini na moja," alisema kijana. "Umeona? Haiumi."

Baba alikuwa bado hajakata simu.