Meno ya Shangazi Ukutani

Ukuta wa kiwanda cha zamani cha vyombo vya kauri umechorwa picha ya shangazi yangu, kubwa kama ghorofa mbili, na kila nikipita pale nageuza uso. Ameinamia kikombe, brashi iko midomoni, anatabasamu. Meno yote yapo, meupe pe. Chini wameandika: Fahari ya Mikono Yetu.

Fahari gani? Shangazi alikuwa mchora maua. Ua la kikombe linataka brashi yenye ncha kali, na msimamizi alikataza bakuli za maji mezani, ati zinamwagika na kuchelewesha kazi. Basi kina mama wakawa wanachonga ncha kwa ulimi. Ua moja, lamba. Jani moja, lamba. Jioni walitema mate ya buluu na kutaniana kuhusu waume watakaobusu midomo hiyo. Meno ya shangazi yalianza kulegea akiwa bado msichana, fizi zikaingia weusi, tumbo likawa linamsokota mpaka analia. Alipolalamika kwamba ni ile rangi, kiwanda kilimwambia apige mswaki vizuri.

Tangu hapo hacheki mbele za watu bila kujifunika mtandio. Kwenye harusi yangu alikula jikoni, peke yake, nyuma ya mlango.

Siku ya kuzindua picha, msanii alimfuata na gari mpaka nyumbani. Kijana mtanashati, maneno asali. Alitaka jambo dogo tu: shangazi asimame chini ya ukuta, alambe brashi kama zamani, wapigapicha wapate cha kuonyesha.

"Shangazi, usiende," nilimwambia.

"Niache, mwanangu. Tangu kiwanda kifungwe, nani ametuita hata kutusalimia?"

Nikapanda naye garini.

Pale ukutani msanii akatoa kopo la rangi waliloliokota kwenye stoo ya kiwanda. "Rangi yenyewe halisi!" akatangaza, watu wakapiga makofi. Akachovya brashi, akamkabidhi shangazi. Mikononi alikuwa amevaa glavu za mpira.

Shangazi alikwisha kuifikisha brashi midomoni alipoziona glavu zile. Akaishusha taratibu. Akavuta mtandio mpaka shingoni, fizi tupu mbele ya kamera zote.

"Vua hizo glavu kwanza, baba," akasema, "ndipo nilambe."

Msanii alicheka kidogo. Akaitazama mikono yake, kisha akaificha nyuma ya mgongo.