Dakika Kumi na Mbili za Gene Pribyl

Gene Pribyl aliichezea timu yetu dakika kumi na mbili tu. Miaka kumi na mmoja alizunguka na vilabu vidogo akirusha mpira wa besiboli, majira ya baridi akiendesha gari la mikate, na Septemba ya mwaka 1979 ndipo timu kubwa ya mji wetu ikamwita. Siku hiyo tulikuwa tumeshafungwa vibaya, kama kawaida yetu. Wapigaji wawili wa kwanza waliicharaza mipira yake. Wa tatu, bingwa wa ligi nzima, aliacha mipira mitatu impite bila kuinua gongo. Refa akasema yote mitatu imepita katikati, hakuna uliokwenda pembeni, akamtoa huyo bingwa nje. Kisha bega la Gene likaharibika, akarudi kwenye mikate yake.

Basi. Lakini shabiki wa timu inayofungwa hushikilia chochote. Miaka arobaini na zaidi nimesimulia kwamba nilikaa nyuma tu ya refa. Kiti kilikuwa changu kweli, ila nilikuwa nimeondoka mapema kukwepa foleni ya magari. Habari za Gene nilizisikia redioni, nikiwa barabarani. Hilo sikumwambia mtu.

Ijumaa moja ya Kwaresima tulikuwa ukumbi wa kanisa, tunakula samaki wa kukaanga, nikaanza tena.

"Shemeji Walt, huo mpira kila mwaka unaongeza kasi," alisema Dolores, dada wa marehemu mke wangu. "Mwakani utatoboa ukuta!"

"Kula samaki wako, mama. Kwani wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, ndiyo maana nimenyamaza miaka yote hii."

Mwanamke wa meza ya pili akageuka. Kumbe ni Noreen, binti yake Gene.

"Samahani, mzee, ulikuwa nyuma ya refa? Baba anaumwa moyo, madaktari wameshakata tamaa. Anatafuta mtu aliyeuona ule mpira wa tatu. Filamu hakuna, refa alishakufa. Anataka kumwuliza mtu mmoja tu. Utakuja?"

Ningekataa. Lakini Dolores ananitazama, meza nzima inanitazama. Nikasema nitakuja. Mjinga mimi.

Kesho yake nilimkuta Gene sebuleni, blanketi magotini, mkono wake wa kurushia umebaki mfupa.

"Kaa, ndugu yangu. Ulikuwa kiti gani?"

Nikakitaja. Akajiinua kidogo, uso ukamchangamka.

"Ala! Basi uliuona vizuri kuliko mimi. Niambie bila kunionea haya. Ulipita katikati, au ulikwenda pembeni?"

Njiani nilikuwa nimeapa kusema kweli. Lakini jamani, mtu yuko hivyo, utamwambiaje hukumwona? Nikajidanganya kwamba ni huruma.

"Katikati kabisa, bwana! Mpira safi. Refa hakukupendelea hata kidogo."

Noreen akaacha kumimina kahawa.

"Ulikwenda pembeni," Gene alisema taratibu. "Shibiri nzima. Niliujua tangu ulipotoka mkononi. Refa alikuwa amechoka, anataka kwenda nyumbani. Aliyekaa nyuma yake hakuweza kukosa kuuona."

"Labda macho yangu..."

"Wewe ni wa saba kuja hapa. Wote mnasema katikati." Hakukasirika, heri angenitukana. "Nilitaka mmoja tu aliyeuona. Niucheke naye kidogo, nijue kweli nilikuwepo."

"Niliondoka mapema, Gene," nikamwambia. "Nilikuwa nakwepa foleni."

"Mliondoka wengi," alisema. "Nilipoingia uwanjani nilitazama jukwaani, nikaona migongo tu."

Akamwomba Noreen amsaidie kurudi kitandani.