Mtumiaji Mmoja, Milango Yote

Kitufe chekundu cha kutokea nilikibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Mlango haukufunguka. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa amekaa juu ya katoni za kuku, meno yanagongana. "Shem," akaniambia, "leo tunauzwa na sisi." Tukacheka. Baadaye akaacha kutetemeka, mimi mjinga nikadhani amepata nafuu.

Ilikuwa mchana kweupe, hapo Mafiga, watu nje wanatafuta kivuli.

Tulikuwa makuli wa ghala la baridi. Mbele zinawekwa karoti na njegere za wakulima wa milimani, nyuma ndiko chumba cha kugandishia kuku. Zamani mlango wa nyuma ulikuwa na mkono wa chuma kwa ndani, unausukuma, unatoka. Meneja akauondoa, eti makuli tunatoka ovyo kuota jua. Akaleta kompyuta tatu: ya kutuma meseji kwa wakulima, ya kudhibiti baridi, na ya milango. Kitufe chekundu kikawa kinaomba ruhusa kwa hiyo ya milango.

Siku fundi anazifunga, mimi nilikuwa napitisha katoni ofisini, nikasikia.

"Bosi, kila sehemu iwe na mtumiaji wake," fundi alisema. "Hii ya meseji inaongea na watu wa nje. Mwizi akiingia humo, akwame humo humo."

"Watumiaji watatu?" Meneja akamtazama. "Wafanyakazi nilionao wananitosha."

"Si watu, bosi. Ni majina tu ndani ya kompyuta. Kila jina na neno lake la siri, kila jina na kazi yake."

"Leo majina, kesho yatadai likizo!"

Ofisi nzima kicheko. Mwenyekiti wa bodi, aliyekuja kunywa chai, akamalizia, "Hapa sisi ni ndugu, bwana. Mambo ya kutengana ya nini?"

Fundi naye akacheka. Aliyejua ni yeye, na alicheka. Zote tatu akaziendesha kwa mtumiaji mmoja, wakamwita mkuu, neno la siri shikamoo. Hata mimi niliyeishia darasa la nne nililijua.

Basi mtu akaingia kupitia ile ya meseji. Ni nani, mpaka leo hajulikani. Humo alikuwa mkuu. Akahamia kwenye milango, na huko pia mkuu. Akafunga kila kitu. Polisi wanasema huenda hakujua kwamba ndani kuna watu.

Walipouvunja mlango kwa shoka, mimi nilikuwa bado napumua. Hospitali wakanikata vidole vya mkono wa kulia. Shemeji tukampandisha kwao Mgeta, tukamzika kwenye mvua. Mke wangu hajawahi kuniuliza kwa nini nilirudi mimi. Ananikatia nyama kwenye sahani, basi.

Kwenye kikao cha bodi wakasema ni hitilafu ya mtandao. Mtandao ndio uliong'oa mkono wa chuma? Aliuong'oa meneja, ambaye sasa anaendesha ghala jingine Dar. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Fundi akiniona sokoni anageukia nyanya, anazibonyezabonyeza.

Pole zenu sizitaki. Pandeni Mgeta, nyote watatu, mkae mbele ya mama mkwe wangu, na mmoja wenu amwambie kwa mdomo wake: ni mimi. Nani ataanza?